Sijalaiki, sijakomenti, sijatafuta. Imejuaje kwamba nimefiwa?

Fundi_Cherehani:

Wakuu, habari zenu. Naomba wenye ujuzi wa mambo haya wanisaidie, maana nimelizungusha kichwani siku nyingi na sijapata wa kumuuliza.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani. Mitandao ya kijamii nilikuwa naitumia kwa mambo mawili: kuangalia mitindo ya kukata kola na kuwasiliana na wateja. Programu ya video fupi niliiweka kwenye simu mwaka jana. Kwa miezi mingi iliniletea vitu vya kawaida tu, mikono inayoshona, pasi, vitambaa, halafu, sijui kwa nini, watu wanaosafisha kwato za farasi. Sina farasi, wala sijawahi kumgusa. Lakini yule mtu akianza kukwangua kwa kile kisu kilichopinda mpaka ukwato ubaki mweupe, siwezi kuondoka kabla hajamaliza. Hilo halikunisumbua.

Mama yangu alifariki miezi minne iliyopita baada ya kuugua muda mrefu. Sikuandika popote. Sikubadilisha picha ya wasifu, sikuweka mshumaa, sikumwambia mtu yeyote kupitia programu ile. Wiki tatu baada ya mazishi, usiku, nikiwa kitandani, ikapita video ya binti anamchana nywele mama yake aliyelazwa. Hakuna maneno, muziki wa taratibu tu. Chanuo lilikuwa la mbao, lenye meno mapana, na binti alikuwa anaanzia nchani anapanda juu kidogo kidogo ili asimuumize. Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi. Sikubonyeza kitu. Kidole kilisimama tu. Video ikaisha, ikajirudia, nadhani mara tatu, ndipo nikasogeza.

Kesho yake zikaja mbili za namna ile. Baada ya wiki moja, katika kila video nne au tano moja ilikuwa ya mgonjwa, au ya watu wanaagana, au ya mtu anasikiliza ujumbe wa mwisho wa sauti aliotumiwa na marehemu. Kola na kwato zikapotea. Na mimi nikawa natazama. Juzi nilishika simu saa nne na nusu usiku ili niweke kengele ya asubuhi. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nane kasorobo, macho yamevimba, na kengele sijaiweka.

Ninachouliza ni hiki: imejuaje? Inanisikiliza? Inasoma jumbe zangu za kwingine? Na nifanyeje iache, bila kufuta akaunti, kwa sababu nusu ya wateja wangu wananipata humo humo?

---

Jirani_Mwema:

Pole sana dada. Simu zinasikiliza, hilo mimi sina shaka nalo. Nilizungumza na mwenzangu habari za magodoro, mdomo tu, kesho yake tangazo la magodoro hilo hapo. Nenda kwenye mipangilio uzime maikrofoni kwa programu zote.

---

Kibarua_wa_Data:

Dada, pole sana kwa kuondokewa na mama. Nimefanya kazi miaka sita kwenye timu ya mapendekezo ya huduma moja ya video, yaani timu inayotengeneza mfumo wa kuchagua video za kukuletea, na niliiacha. Nitakueleza ninachokijua kutoka ndani, na nitaandika kirefu kwa sababu swali lako linastahili.

Nianze na maikrofoni. Jirani, kuizima hakuna ubaya, izimeni. Ila mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walizipima programu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta jambo hilo hilo, na hawakupata ushahidi wa programu iliyowasha maikrofoni kwa siri na kutuma sauti. Walichokuta ni programu zilizokuwa zinarekodi skrini bila mtumiaji kujua, na hilo nalo si dogo. Lakini kwa kisa cha dada, sauti haihitajiki. Alichokieleza kinatosha kabisa: kidole kilisimama.

Kila video inapopita mbele yako, mstari mmoja unaandikwa kwenye seva. Mistari hiyo nimeisoma kwa maelfu. Hauna jina lako, una namba. Unasema namba hii imeonyeshwa kitu hiki, saa hii, imekitazama sekunde ngapi kati ya ngapi, kimejirudia mara ngapi, sauti ilikuwa wazi au imezimwa, kisha ikasogeza. Video ya sekunde 20 iliyotazamwa mara tatu inaandikwa asilimia 300. Sisi tukiona asilimia 300 tulikuwa tunasema huyu amepiga kelele. Laiki tulikuwa hatuiamini sana, maana mtu anaweza kumlaiki binamu yake kwa heshima tu. Sekunde hakuna anayezitoa kwa heshima.

Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifungua akaunti zaidi ya 100 za roboti kwenye TikTok. Kila roboti ilipewa mambo yake ya kuyapenda lakini haikuyatamka popote, ilichofanya ni kukaa zaidi kwenye video zinazohusu mambo hayo na kuzipita nyingine. Kusita huko peke yake kulitosha. Moja ilipewa huzuni, na haikuchukua muda mrefu mlisho wake, yaani mfululizo wa video inazoletewa, ukajaa huzuni. Nilipoisoma ripoti ile nilikuwa bado kazini, na wenzangu hawakushangaa. Mimi nilishangaa kwamba hatukushangaa.

Kisha mstari ule unafanyiwa kazi gani? Kwenye huduma nyingi kubwa kuna hatua mbili. Wahandisi wa YouTube waliieleza hadharani mwaka 2016: hatua ya kwanza inachota mamia ya video kutoka kwenye mamilioni, ya pili inazipanga kwa kutabiri wewe, mtu huyu, utakaa muda gani kwenye kila moja. Ile ya kwanza ndiyo iliyokupeleka ulikopelekwa. Inachota kwa kuangalia watu wanaofanana nawe, na kufanana maana yake ni kwamba vidole vyenu vilisimama mahali pamoja.

Kwa hiyo dada, haijui kwamba mama amefariki. Kwenye majedwali niliyoyafanyia kazi hapakuwa na safu ya kuandika "amefiwa". Kuna watu wengine, pengine maelfu, ambao nao walisimama kwenye lile chanuo, na wengi wao walisimama tena kwenye ujumbe wa sauti wa marehemu. Ukawekwa karibu nao kwenye hesabu. Umeingizwa kwenye chumba cha wafiwa na mfumo ambao wenyewe haujui kwamba ni chumba cha wafiwa. Unajua tu kwamba waliomo humo hawatoki upesi.

Na hapa ndipo moyo wangu unapouma mpaka leo. Mstari ule hauna mahali pa kuandika kwamba mtu alikuwa analia. Sekunde za ukwato wa farasi na sekunde za chanuo la mama zinaingia kwenye safu moja, zinajumlishwa pamoja. Niliwahi kupendekeza tuweke swali dogo baada ya mtu kukaa muda mrefu, tumuulize kama ameridhika na muda alioutumia. Likajaribiwa kwa watumiaji wachache. Muda wa kutazama ukashuka, kwa sababu watu walipoulizwa walikumbuka kwamba wana kazi nyingine, wakafunga. Swali likaondolewa. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya kwenye kikao kile. Palikuwa na grafu moja ukutani, na grafu ilikuwa ya muda wa kutazama.

Wala msidhani hesabu hizi zimeteremka kutoka mbinguni, kuna mtu anaketi na kuandika namba. YouTube mpaka 2012 ilizipa uzito mibofyo, ikavuna vichwa vya habari vya uongo, ikahamia kwenye muda wa kutazama. Facebook mwaka 2017 iliipa emoji ya hasira, pamoja na emoji nyingine za hisia, uzito mara tano ya laiki. Ikachukua mpaka 2020 ile ya hasira kushushwa hadi sifuri. Twitter ilipoweka wazi sehemu ya msimbo wake mwaka 2023, kila mtu aliona: laiki ilikuwa na uzito wa 0.5, jibu 13.5, na jibu ambalo mwenye chapisho amelijibu tena 75. Ukiyaona hayo unaelewa kwa nini magomvi yalikuwa yanaelea juu. Mtu aliamua kwamba kujibizana kuna thamani mara 150 ya kupenda.

La namna ya kuiachisha nawaachia wengine waanze, nitarudi.

---

Msema_Kweli:

Nimesoma yote. Poleni kwa msiba. Lakini tusidanganyane, hakuna aliyemshikia dada mkono. Hizi ni hadithi za kutafuta wa kumlaumu. Saa tatu usiku weka simu chini, lala. Nidhamu tu. Mimi naperuzi dakika 30 kwa siku na maisha yanaenda.

---

Kibarua_wa_Data:

Kaka, nidhamu naiheshimu na dakika zako 30 nazipongeza kwa dhati. Lakini fikiria dada alikuwa na nini saa nne na nusu usiku ule: uchovu wa siku nzima na msiba wa miezi minne. Upande wa pili wa kioo kulikuwa na modeli, yaani programu ya kutabiri, inayofunzwa kila siku kwa vidole vya mamilioni ya watu, ikijaribu kitu kimoja tu, huyu asitoke.

Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Unafika chini, unakuta namba 1, 2, 3, unatakiwa kubofya ili uendelee, na katika kile kitambo cha kubofya akili inajiuliza kama inataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho, ukishuka unajijaza wenyewe. Yeye mwenyewe amejitokeza miaka ya karibuni kusema anajutia jinsi ubunifu huo ulivyokuja kutumika. Kuondoa kituo kile kulimwondolea mtu nafasi ya kuitumia hiyo nidhamu unayoisema.

Halafu kuna jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa zamani kabla ya simu hizi. Njiwa akipewa punje kila anapodonoa kitufe, anadonoa akihitaji. Akipewa bila mpangilio, mara ya tatu, mara ya kumi na moja, mara ya pili, anadonoa bila kukoma. Mlisho wenye video nne za ovyo na moja ya chanuo uko hivyo. Zingekuwa zote za chanuo, dada angechoka mapema na kulala.

---

Mwalimu_Mstaafu:

Binti yangu, pole sana. Nami nilimpoteza mwenzangu, na nilipitia njia inayofanana na hii, ila kwangu zilikuwa video za ajali, sababu naijua mwenyewe.

Kwanza kabisa, usikitegemee sana kitufe cha "sivutiwi". Nilikibonyeza kwa wiki mbili kwa bidii nikiwa nimekaa na kalamu, nahesabu, na sikuona tofauti ya maana. Baadaye nikakuta kwamba taasisi ya Mozilla ilichapisha uchunguzi mwaka 2022, waliojitolea walikuwa zaidi ya 20,000, wakipima vitufe vya YouTube. "Sivutiwi" ilizuia takriban asilimia 11 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa. Kufuta video kwenye historia ilifanya vizuri zaidi, kama asilimia 29, na kuzuia chaneli nzima asilimia 43. Yaani hata kitufe chenye nguvu kuliko vyote hakifikii nusu. Programu yako ni nyingine, lakini mimi nilianzia hapo: nilifuta historia yote ya kutazama, tangu siku ya kwanza. Angalia kwenye mipangilio, programu nyingi zinayo sehemu ya kuanza mlisho upya. Akaunti inabaki, wateja wako wanabaki.

Pili, baada ya kufuta, siku tatu za mwanzo ndizo zenye thamani. Usiifungue kwa kuzubaa. Fungua kisanduku cha kutafuta, andika unachokitaka, kitazame mpaka mwisho, funga. Inajifunza upya, basi ifundishe wewe.

Tatu, zima arifa zote isipokuwa za watu halisi wanaokuandikia. Ile ya "fulani amepakia video" haitokani na fulani, inatokana na mashine iliyoona hujaingia tangu asubuhi.

Huko Umoja wa Ulaya sheria inazilazimisha huduma kubwa sana, tangu Agosti 2023, zimpe mtumiaji angalau namna moja ya kuona mapendekezo bila kutumia wasifu wake. Kwingine baadhi ya programu zinakuwa na ukurasa wa "unaowafuata" peke yake. Ukiupata, ufanye ndio wa kwanza kuufungua.

Na simu isilale nawe chumba kimoja. Hapo nakubaliana na Msema_Kweli.

---

Fundi_Cherehani:

Nimerudi, wakuu. Siku kumi na mbili zimepita na nawashukuru wote, hata Msema_Kweli.

Usiku ule ule nilifuta historia. Nilipofungua tena ilikuwa kama nimeingia nyumba ya watu wengine: mpira, watu wanacheza dansi, paka anaanguka kwenye kabati. Sikutegemea, lakini nilijisikia mpweke. Nikafanya kama Mwalimu alivyosema, nikatafuta kola ya mkato wa shali, nikatafuta namna ya kupachika mfuko wa ndani, nikatafuta kwato za farasi. Nikazitazama mpaka mwisho hata pale nilipokuwa nimechoka. Siku ya nne kola zilikuwa zinakuja zenyewe. Siku ya tano akaja farasi.

Simu sasa inalala kwenye meza ya cherehani, chumba cha pili. Nimenunua saa ya kengele ya kawaida. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili nikapapasa kitandani nikiitafuta, sasa nimeacha.

Kuna jambo moja lakini. Siku ya saba, mchana, nikiwa nasubiri pasi ipate moto, ikapita video ya mzee kitandani, mkono wake umelala ndani ya mkono wa kijana. Nikasogeza haraka, haikufika sekunde moja. Nilikumbuka ule mstari wa Kibarua, nikasema hapana, hauandikwi. Halafu nikakaa pale, mkasi mkononi, nimejawa na hasira ambayo sikuitarajia. Nilitaka kumtazama yule mzee. Nilitaka hata dakika moja. Nikajifanya sijamwona ili mashine isije ikaniandika. Mimi ambaye msibani sikuwaficha watu machozi yangu, nimeyaficha mbele ya simu.

Kibarua, kwa hiyo nakuuliza la pili. Kuna namna yoyote ya kuiambia kwamba hiki kinanigusa, lakini usiniletee?

---

Kibarua_wa_Data:

Hapana, dada. Katika mifumo niliyoifanyia kazi sikuwahi kukiona kitufe hicho. Kuna "sivutiwi", na kwako huo ni uongo. Kuna kukaa, na kukaa kunasomeka kama ombi la kuletewa nyingine. Nimelifikiria swali lako tangu jana na ninatamani mtu angeniuliza nikiwa bado ndani ya chumba kile.

Ninachoweza kukupa ni njia ya kuzunguka. Video ya namna ile ikipita, soma jina la mwenye nayo kisha sogeza. Usinakili kiungo, kwa sababu kunakili kiungo nako kunaweza kuhesabiwa kama kushea, na kushea kuna uzito mkubwa. Andika jina kwenye karatasi. Siku utakayotaka, na saa utakayotaka, fungua kivinjari kwenye dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti yako, ulitafute jina hilo. Utazame hata mara kumi. Itaandikwa kwa mtu asiyejulikana, na ukifunga dirisha akaunti yako haitakuwa na habari hizo.

---

Fundi_Cherehani:

Asante kaka. Jina la yule mwenye mzee nilikuwa bado nalikumbuka. Nimeliandika kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, nimekiweka kwenye droo ya nyuzi. Chanuo la mama liko humo humo. Jumapili sina kazi, nitalitafuta mchana.